Kipochi cha Kadi na Mnunuzi Asiyepita Barabarani

Katika orodha ya biashara ndogo ambazo mtu anaweza kuzianzisha akiwa na meza moja, zana chache na mtaji usiotisha, utengenezaji na uuzaji wa vipochi vya kadi huonekana kuwa miongoni mwa zile nyepesi kabisa, kwa sababu bidhaa yenyewe haiozi, haivunjiki, haihitaji ghala wala jokofu, na mia moja yake huenea katika mkoba mmoja wa begani. Wepesi huo, hata hivyo, uko upande wa utengenezaji tu. Upande wa uuzaji biashara hii ni ngumu kuliko ile ya viatu au mikoba, na anayeianza bila kulitambua hilo hujikuta amefunga fedha zake katika mzigo mzuri usiotoka. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba mnunuzi wa kweli wa kipochi cha kadi katika miji ya Tanzania ni taasisi, mchapaji au mwandaaji wa mkutano anayekiagiza kwa ajili ya watu wengine, wala si yule atakayekibeba mfukoni, na kwamba kila uamuzi wa mjasiriamali, kuanzia vipimo vya ngozi hadi masharti ya malipo, unapaswa kujengwa juu ya ukweli huo.

Inafaa kwanza maneno yafafanuliwe. Kadi ya biashara, ambayo maofisini na mitaani huitwa zaidi bizinesi kadi, ni kipande cha karatasi ngumu chenye jina la mtu, cheo chake, mahali anapofanyia kazi na namna ya kumpata. Kipochi cha kadi ni kifuko kidogo, aghalabu cha ngozi, kitambaa au bati jembamba, kinachohifadhi kadi hizo zisikunjike wala kuchafuka kabla hazijatolewa. Bidhaa ya pili ya jamii hiyo ni stendi ya mezani, yaani kishikio cha mbao, kioo au plastiki kinachokaa juu ya dawati la mapokezi kikiwa kimesimamisha kadi ili mgeni ajichukulie mwenyewe. Bidhaa hizi mbili huwafikia wateja wale wale, lakini ya kwanza ndiyo itakayochunguzwa zaidi hapa, kwa kuwa ndiyo inayogusa malighafi ambayo nchi inayo kwa wingi na inaitumia kwa uchache, yaani ngozi.

Desturi ya kubeba kadi katika chombo maalumu si ya juzi. Katika Ulaya ya karne ya 19, ambako watu wa tabaka la juu walitangaza ujio wao kwa kuacha kadi nyumbani kwa mwenyeji, mafundi wa Birmingham nchini Uingereza walitengeneza vikasha vya fedha vyenye nakshi, na mafundi wa Canton nchini Uchina walichonga vya pembe za ndovu kwa ajili ya soko hilo hilo la ng'ambo. Nchini Japani, hadi leo, kubadilishana kadi ni sehemu ya adabu ya kazi, na kadi hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, hivyo kwamba kuichomoa ikiwa imekunjamana kutoka mfuko wa suruali ni kumvunjia heshima anayepewa. Mifano hiyo inaonesha kuwa chombo cha kadi kimekuwa kikinunuliwa kwa sababu ya heshima kuliko kwa sababu ya haja ya kuhifadhi, na bidhaa ya heshima, kokote iliko, hununuliwa mara nyingi na mtu mmoja ili apewe mwingine.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo ina ukweli wake katika soko la vitenge au la samaki, ambako mnunuzi hurudi kila mara, hulinganisha, hukumbuka aliyemuuzia vizuri na kumwambia jirani yake. Kwa vipochi vya kadi methali hiyo haimsaidii mwenye biashara, kwa kuwa kipochi cha ngozi kilichoshonwa sawasawa hudumu miaka mingi, na aliyenunua kimoja leo hana sababu ya kununua kingine mwakani, hivyo ubora wenyewe wa bidhaa huchelewesha mauzo ya pili. Aidha, wanaohitaji bidhaa hiyo ni wachache miongoni mwa wapita njia: wakili, dalali wa nyumba na viwanja, mwakilishi wa mauzo, mwongoza watalii, ofisa wa benki, na hata hao wengi wao huridhika na kiboksi cha plastiki ambacho mchapaji huwapa bure pamoja na kadi zao. Mtu anayetandaza vipochi kando ya barabara Kariakoo au Posta jijini Dar es Salaam anamsubiri mteja adimu kati ya maelfu, huku akizungukwa na bidhaa za ngozi bandia zilizoingizwa kwa makontena kutoka Uchina, ambazo bei yake hawezi kuifikia hata akijinyima faida yote.

Mambo hubadilika pale mtengenezaji anapoacha kumtafuta mbebaji wa kipochi na kumtafuta mwagizaji. Mchapaji anayepokea kila siku watu waliokuja kuchapisha kadi tayari amewakusanya wale ambao muuzaji wa barabarani anawahesabu mmoja mmoja, na kwake kipochi ni njia ya kuongeza thamani ya kazi yake bila kununua mashine mpya. Ofisi ya rasilimali watu ya kampuni inayoajiri hutafuta kitu cha kumkaribisha mfanyakazi mpya. Benki na kampuni za bima hutoa zawadi kwa wateja wao mwisho wa mwaka. Vyuo hufanya mahafali. Vyama vya kitaaluma vya wahasibu, wahandisi na mawakili hukutana kila mwaka. Juu ya hao wapo waandaaji wa mikutano, ambao Tanzania haikosi, kwa kuwa Arusha ina Makao Makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kituo cha mikutano cha AICC, Dar es Salaam ina Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na kila mwaka ifikapo Sabasaba viwanja vya Barabara ya Kilwa hujaa kampuni ambazo kazi yake kubwa kwa siku hizo ni kutoa na kupokea kadi. Mwagizaji mmoja wa aina hiyo hununua vipochi mia moja kwa siku moja, na mwaka unaofuata hununua tena, kwa sababu watu wa kupewa ni wapya ingawa mnunuzi ni yule yule.

Ukubwa wa oda huleta nidhamu ya vipimo, na hapa ndipo mtengenezaji asiye makini hupoteza mteja kabla ya kumjua. Kadi za biashara hazina kipimo kimoja duniani: za Ulaya huwa na milimita 85 kwa 55, za Marekani inchi tatu na nusu kwa mbili, ambazo ni takriban milimita 89 kwa 51, za Uchina milimita 90 kwa 54, na za Japani milimita 91 kwa 55. Kadi za benki hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 7810, ambacho huzipa upana wa milimita 85.60 na kimo cha milimita 53.98, na kadi za utambulisho nazo kwa kawaida hutengenezwa kwa umbo hilo hilo. Mfuko unaomeza kadi ya Kijapani utazimeza zote hizo, lakini kosa linalojitokeza mara nyingi ni kupima kadi moja na kusahau kwamba mfuko utabeba rundo. Karatasi nzito ya kadi ina unene unaokaribia milimita 0.4, hivyo kadi 10 hufanya milimita 4, na mfuko uliolala bapa hauna budi kuwa na upana wa kadi ukijumlishwa na unene wa rundo. Kwa kadi za milimita 91, hiyo ni milimita 95 za ndani. Zikiongezwa milimita 4 za mshono kila upande, kipochi hufikia milimita 103, na fundi mwenye busara hukata 105 ili ngozi ipate pa kupumulia. Milimita mbili zikipungua katika oda ya vipochi mia moja, vipochi vyote mia hurudishwa.

Kazi yenyewe ikitazamwa kwa karibu inaonesha kwa nini gharama ya kweli iko mikononi kuliko katika malighafi. Kipochi rahisi chenye pande mbili zinazokunjana huhitaji kipande kimoja cha nje cha sentimita 10.5 kwa 15 na vipande viwili vya ndani, kila kimoja cha sentimita 10.5 kwa 6. Fundi huchora kwa kufuata kigezo cha karatasi ngumu au bati, hukata kwa kisu kikali akiegemeza rula ya chuma, hupunguza unene wa kingo upande wa nyama ili tabaka mbili zikikutana zisifanye kinundu, hupaka gundi ukingoni, kisha hutoboa matundu kwa msharasi, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, akiyaachanisha kwa milimita 4. Mifuko miwili ya ndani ina mshono wa sentimita zipatazo 40, sawa na matundu kama 100, na kila tundu hupitishwa sindano mbili kutoka pande mbili kwa uzi uliopakwa nta, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono mzima usifumuke. Mwishoni kingo husuguliwa kwa maji na kipande cha mbao laini hadi zing'ae. Cherehani ya ngozi hufupisha kazi hiyo sana, lakini ununuzi wake unastahili kusubiri hadi oda zilizokwisha kulipwa ziwe zimeonesha kwamba mikono haitoshi.

Kuhusu malighafi, Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi zaidi, lakini sehemu kubwa ya ngozi yake haifikii daraja la juu, kwa sababu ng'ombe hupigwa chapa za moto ubavuni, huchanwa na miiba, hushambuliwa na kupe na, hatimaye, hukatwakatwa na visu vya wachunaji wasio waangalifu. Mtengenezaji wa makochi, anayehitaji kipande kipana kisicho na doa, ana haki ya kuikataa ngozi ya namna hiyo; mtengenezaji wa vipochi hana, kwa kuwa vipande vyake vidogo huweza kukwepa kovu na tundu na kutolewa katika sehemu safi zilizobaki. Kwa maneno ya uchumi, bidhaa ndogo za ngozi ndizo zinazoweza kuipa thamani ngozi ambayo soko kubwa limeitupa, na hiyo ni faida ya asili ambayo kiwanda cha ngozi bandia ng'ambo hakiwezi kuinakili. Hata mabaki ya mafundi wa viatu na mikoba, ambayo aghalabu huuzwa kwa kilo au kutupwa, yanatosha kumwanzisha mtu.

Ngozi yenyewe huwa ya aina mbili kuu kulingana na namna ilivyochakatwa, na tofauti hiyo si ya mafundi peke yao, kwa kuwa huamua kama nembo ya mteja itaonekana au la. Ngozi iliyochakatwa kwa chumvi za kromiamu huwa laini, hustahimili maji na hupatikana kwa urahisi, lakini hurudi katika umbo lake baada ya kugandamizwa, hivyo muhuri wa nembo hufifia. Ngozi iliyochakatwa kwa tanini, yaani kemikali ya asili inayopatikana katika magome ya miti, huwa ngumu zaidi, hubadilika rangi kwa uzuri kadiri inavyotumika, na hushika alama ya muhuri uliopashwa moto kana kwamba imeandikwa. Tanini hiyo hutolewa hapa hapa nchini katika magome ya miwati, miti iliyopandwa Njombe na Kampuni ya Miwati ya Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na maarifa ya kuchakata ngozi hufundishwa katika Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Mjasiriamali anayemuuzia mwagizaji wa taasisi, ambaye jambo la kwanza analouliza ni kama nembo yake itasomeka, ana sababu ya kulipa zaidi kidogo kwa ajili ya ngozi ya tanini, na ngozi nyembamba ya mbuzi inaweza kutumika kwa mifuko ya ndani ili kipochi kisijae mkononi.

Hesabu ndiyo mahali ambapo biashara nyingi za mikono hufa zikiwa zinaonekana kuwa hai. Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, ambayo ni sawa na sentimita za mraba 929, na kipochi kilichoelezwa hapo juu hutumia takriban sentimita za mraba 284; kwa hiyo karatasi huonesha kwamba futi moja hutoa vipochi vitatu. Ngozi, hata hivyo, haina pembe za mraba, ina makovu, na ina sehemu za tumbo zinazovutika kupita kiasi, hivyo robo yake ikipotea, jambo ambalo ni la kawaida, futi hiyo hiyo hutoa vipochi viwili na nusu kasoro kidogo. Aliyepanga bei kwa hesabu ya vitatu ameuza ngozi kwa hasara tangu kisu kilipogusa meza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalohitajika hapa ni lile linaloandika upotevu wa kila ngozi, saa za kila oda na nauli ya kila safari ya kumfuata mteja.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu na si kama bei za soko, kwamba ngozi, uzi na gundi ya kipochi kimoja vinagharimu shilingi 4,000, upigaji wa nembo shilingi 500 na kifungashio shilingi 500. Fundi anayehesabu vitu hivyo peke yake huamini kwamba akiuza kwa shilingi 10,000 amepata faida ya nusu kwa nusu. Ikiongezwa kazi ya mikono kwa shilingi 3,000, na mgawo wa kodi ya chumba, umeme, simu na nauli kwa shilingi 1,000, faida halisi hushuka hadi shilingi 1,000, na punguzo la asilimia 10 ambalo kila mwagizaji wa vipochi mia huliomba kama haki yake huifuta faida hiyo yote. Bei iliyopangwa kwa uangalifu, kwa mfano huo huo shilingi 12,000, huacha nafasi ya kupunguza bila kujidhulumu. Jambo ambalo wanaoanza hulikwepa ni kujilipa ujira wenyewe katika hesabu, wakidhani kwamba kazi yao ni bure kwa kuwa hawana bosi, na matokeo yake ni kwamba siku oda inapozidi nguvu zao hawana fedha ya kumlipa msaidizi.

Biashara ya oda ina hatari yake, nayo ni ucheleweshaji wa malipo, kwa kuwa taasisi hupokea mzigo leo na kulipa baada ya hundi au hati ya malipo kuzunguka meza kadhaa. Kinga yake ni ya zamani na inajulikana pwani nzima: arubuni, yaani sehemu ya bei inayotangulizwa ili kulifunga patano. Katika mfano uliotolewa, oda ya vipochi mia kwa shilingi 12,000 ina thamani ya shilingi 1,200,000, na arubuni ya nusu, shilingi 600,000, hulipia malighafi, nembo na vifungashio vya shilingi 500,000 na kuacha akiba kidogo ya ujira. Kwa mpango huo mteja ndiye anayetoa mtaji, na mkopo hauhitajiki isipokuwa kwa zana. Taasisi isiyotoa arubuni kabisa inaweza bado kuhudumiwa, lakini baada ya wale wanaotoa, na kwa kiasi ambacho mtengenezaji anaweza kukisubiri bila kufunga mlango.

Kwa kuwa mnunuzi ni taasisi, urasimishaji, yaani kuifanya biashara itambulike kisheria, haukwepeki, kwa sababu ofisi ya uhasibu hailipi jina la mtu wa mtaani lisilo na stakabadhi. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaihesabu biashara yenye waajiriwa wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 kuwa biashara ndogo sana, na karakana ya vipochi huanzia katika kundi hilo. Hatua zake si nyingi: jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, na leseni hutolewa na halmashauri. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichoanza kutolewa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, kwa ajili ya wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kilimlinda mwenye meza barabarani dhidi ya bughudha, lakini hakikukusudiwa kumfikisha kwenye zabuni. Anayelenga oda hana budi kuvuka hapo mapema, akijua pia kwamba taasisi nyingine hukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa na mlipaji kabla malipo hayajamfikia muuzaji, na kwamba kiasi hicho lazima kiwemo katika bei yake tangu mwanzo.

Zipo taasisi zilizoundwa kumsaidia mtu wa namna hiyo, na udhaifu wake unafaa kusemwa pamoja na manufaa yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na kuandaa maonesho, na halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, na katika kipindi hicho waliokuwa wamejenga mipango yao juu yake walibaki wakisubiri. Zaidi ya hayo, mafunzo ya ujasiriamali kwa kawaida humfundisha mtu kushona na kuandika mpango wa biashara, lakini mara chache humpeleka kwa mchapaji au kwa ofisa ununuzi kumfundisha namna ya kuweka sampuli mezani, kutaja bei ya vipochi 50, 100 na 300, na kutoka na jibu. Ustadi huo wa pili ndio unaotofautisha karakana na burudani ya mwishoni mwa wiki.

Pingamizi kubwa dhidi ya biashara hii ni kwamba kadi ya karatasi yenyewe inakufa. Simu hubadilishana namba kwa sekunde, msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994, umebandikwa kila kona, na zipo kadi za kielektroniki ambazo zikigusishwa na simu hutuma taarifa zote za mwenyewe. Pingamizi hilo lina nguvu na halipaswi kupuuzwa, lakini linaiangusha kadi ya karatasi bila kukiangusha kipochi. Mtanzania wa mjini hubeba leo kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva, kadi ya bima ya afya na kadi za benki, na hata ile kadi ya kielektroniki inayodaiwa kuiua kadi ya karatasi kwa kawaida hutengenezwa kwa umbo la kadi ya benki. Wakati huo huo, tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, haja ya kubeba noti nyingi imepungua, na pochi nene ya zamani imeanza kuonekana mzigo. Kipochi chenye mfuko mmoja mpana wa kadi za biashara na nafasi mbili finyu za vitambulisho kinahudumia zama zote mbili, na mtengenezaji anayeendelea kushona mfuko mmoja tu kwa ajili ya karatasi ndiye aliyeufunga mustakabali wake kwenye bidhaa inayopungua.

Kwa upande wa stendi za mezani mantiki ni ile ile. Mabaki ya mninga au mpingo kutoka karakana za samani na za wachongaji, ambayo ni madogo mno kwa kiti na kwa kinyago, yanatosha kwa kipande cha sentimita 10 chenye mfereji uliokatwa kwa mshazari, na mteja aliyeagiza vipochi kwa wafanyakazi wake huwa tayari ana dawati la mapokezi linalohitaji stendi yenye nembo ile ile. Vifungashio navyo vinafaa kufikiriwa kwa mtazamo huo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kijifuko cha kitenge au kiboksi cha karatasi ngumu kinampa mpokeaji wa zawadi kitu cha kufungua.

Wajibu wa mwisho hauko kwa mtengenezaji pekee. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za Serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na tangu mwaka 2023 zabuni hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Zawadi za mikutano ni mahali pepesi kabisa pa kuitekeleza sheria hiyo, kwa sababu kikundi cha vijana watano kinaweza kutimiza oda ya vipochi 200 kwa wiki chache, tofauti na ujenzi wa barabara au usambazaji wa dawa, ambako vikundi hivyo hushindwa kwenye masharti ya mtaji. Tatizo ni kwamba zawadi hizo aghalabu huagizwa siku chache kabla ya mkutano, na muda huo mfupi humwondoa fundi wa ndani na kumwachia nafasi muuzaji mwenye shehena iliyokwisha kuingizwa kutoka ng'ambo. Ofisa ununuzi anayejua tarehe ya mkutano miezi sita kabla hana udhuru wa kuagiza zawadi katika wiki ya mwisho.

Kutokana na hayo, mpangilio wa kuanza biashara hii unapaswa kupinduliwa. Badala ya kununua ngozi ya vipochi mia na kisha kutafuta wa kuvinunua, mwanzilishi ashone sampuli tatu zenye vipimo sahihi, moja ikiwa na nembo ya kubuni ili muhuri uonekane, aandike bei za viwango vitatu vya oda na kiasi cha arubuni, asajili jina, kisha azipeleke kwa wachapaji na waandaaji wa mikutano wa mji wake hadi mmoja wao akubali kutanguliza fedha. Asipopatikana hata mmoja baada ya juhudi za kweli, aliyepoteza futi mbili za ngozi na nauli amepata jibu kwa bei nafuu, na anaweza kugeukia bidhaa nyingine ya ngozi kwa zana zile zile. Akipatikana, oda ya kwanza italipia ya pili, na uamuzi wa kununua cherehani, kuajiri msaidizi au kukopa utafanywa kwa kutazama daftari lenye majina ya wateja waliolipa.